Sukari, dhahabu, bia au saruji: mhandisi kemikali anayemaliza chuo aanzie wapi?

Mizania (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa kulinganisha, si wa kubishana chuo gani bora. Anayemaliza uhandisi kemikali na michakato (UDSM miaka 4, Moi kule Eldoret miaka 5) hukuta milango minne mikubwa ya kiwandani: sukari, uchenjuaji wa dhahabu, bia na saruji. Mishahara tuiweke pembeni kwanza. Maswali yangu ni haya:

Somo gani la darasani linatumika kila zamu, na lipi linabaki kwenye daftari? Anayeanza hukosea wapi, na kwa nini? Na ukimaliza miaka 3 ya SEAP (mafunzo kazini ya wahandisi wahitimu Tanzania) hapo, unatoka na ujuzi gani ambao kiwanda cha aina nyingine kitaukubali?

Naomba namba. Ushauri wa "kuwa na bidii" tumeupata wa kutosha kwenye mahafali.

---

Bagasi

Sukari, bila kigugumizi. Hakuna kiwanda kinachofanana na silabasi kama hiki. Ukitoka mizani ya miwa hadi mashine ya kushona magunia umepita kukamua na kulowesha, mmenyuko wa chokaa, utuamishaji, uvukizaji, ufanyaji wa chembe, sentrifuji na ukaushaji, na pembeni kuna boila na tabaini. Kozi nzima ya shughuli za msingi iko chini ya paa moja.

Hesabu ya kila zamu ni hii. Una tani 100 za juisi safi yenye brix 15 (yaani asilimia 15 ni yabisi iliyoyeyuka), unataka siropu ya brix 60. Yabisi haipotei, ni tani 15. Gawa 15 kwa 0.60, unapata tani 25 za siropu. Maji ya kuvukizwa ni tani 75. Kwa chombo kimoja ungehitaji mvuke zaidi ya tani 75. Kwa vyombo vinne vilivyopangwa mfululizo, mvuke unaotoka kwenye juisi ya kwanza ukichemsha ya pili na kuendelea, unagawa kwa nne, kama tani 19. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza. Kazi inaanza pale siropu inapotoka na brix 52 badala ya 60, na wa pani (vyombo vya kupikia siropu hadi itoe chembe) wanapiga simu.

Mgeni akiona brix imeshuka hukimbilia kufungua mvuke zaidi. Mara nyingi shida haiko kwenye mvuke. Fuata mpangilio huu:

Kwanza soma shinikizo na nyuzi joto za kalandria (sehemu ya mabomba inayopashwa kwa mvuke) ya kila chombo, kisha linganisha na jedwali la mvuke. Kama nyuzi ni pungufu kuliko shinikizo linavyotaka, ndani kuna hewa na gesi zisizoganda. Fungua valvu ya kutolea gesi kidogo kidogo. Pili, tazama kioo cha kondenseti (maji ya mvuke uliopoa). Maji yakijaa nusu ya kalandria, nusu ya mabomba yako haifanyi kazi, na hakuna mvuke utakaosaidia. Tatu, angalia tofauti ya nyuzi kati ya chombo na chombo. Kama imepanda kwenye kimoja tu huku vingine vimetulia, hicho kina magamba, na mara nyingi ni cha mwisho ambako siropu ni nzito na silika huganda. Hapo ndipo unaomba kusimamisha na kuchemsha kostiki (soda kali) ya asilimia 10 hadi 20.

Wageni wengi huanza na la tatu. Kiwanda kinasimama kwa muda wa saa 8, kinawashwa, brix bado 52.

Jambo la pili ni pH. Chokaa inawekwa ili juisi iliyotulia itoke na pH ya 7.0 hadi 7.2. Kwa kuwa pH hushuka ikipashwa moto, unaweka juisi ghafi juu kidogo, karibu 7.8. Ikitoka chini ya 6.8 sukari inavunjika kuwa glukosi na fruktosi, na hiyo hairudi tena. Ukizidisha, glukosi iliyokuwamo tangu shambani inaungua na kuleta rangi, tena kalsiamu inayobaki inakwenda kuwa magamba kwenye vyombo vya uvukizaji. Kosa la leo saa 4 asubuhi kwenye chokaa unalikuta wiki ijayo kwenye uvukizaji.

La tatu ni mizania ya sukari yenyewe. Sukari iliyoingia na miwa lazima ionekane kwenye magunia, bagasi (makapi ya miwa), tope la vichujio na molasi. Inayobaki bila maelezo tunaiita hasara isiyojulikana. Ikizidi asilimia 2 hivi, anza na mizani na maabara kabla ya kutafuta bomba linalovuja. Hapa ndipo digrii inapojionyesha: fundi mzoefu anajua pampu gani inavuja, lakini kusema namba hizi tatu haziwezi kuwa kweli kwa pamoja ni kazi ya mhandisi.

Tena sukari ina msimu. Masika miwa haivuniki, viwanda vya bonde la Kilombero vinasimama na kila kitu kinafunguliwa. Unaona kalandria kwa ndani, unahesabu mabomba yaliyozibwa, unapima unene wa ukuta. Miezi ile ya matengenezo, kwa maoni yangu, inafundisha kuliko PT (mafunzo kwa vitendo) zote tatu za chuoni.

---

Mvuke_Mkavu

Bagasi, maelezo mazuri ila hiyo 19 ni namba ya mtihani. Kiwandani tarajia 21 hadi 23. Juisi mara nyingi inaingia chombo cha kwanza ikiwa haijafika kiwango chake cha kuchemka, kwa hiyo sehemu ya mvuke inapasha tu. Joto fiche la mvuke linaongezeka kadiri shinikizo linavyoshuka, kwa hiyo kilo moja ya mvuke wa juu haitoi kilo kamili ya chini. Na kuna mvuke unaotoka pamoja na gesi, na joto linalopotea ukutani.

Halafu kuna kitu ambacho madarasani hupitishwa haraka: kuvuna mvuke katikati. Tuseme vihita vya juisi vinahitaji tani 10. Ukivipa mvuke wa moja kwa moja, jumla ni 18.75 na 10, yaani 28.75. Ukivipa mvuke uliotoka kwenye juisi ya chombo cha kwanza, vyombo vitatu vya mwisho vinavukiza x kila kimoja na cha kwanza x na 10. Nne x na 10 ni 75, x ni 16.25, cha kwanza kinahitaji 26.25. Umeokoa tani 2.5, yaani robo ya zile 10. Ukivuna kutoka chombo cha pili unaokoa nusu, cha tatu robo tatu, alimradi huo mvuke bado una nyuzi za kutosha kwa kazi unayoutumia.

Kanuni hii ni ya Norbert Rillieux, mzaliwa wa New Orleans mwenye asili ya Kiafrika, aliyepata hataza ya mtambo huu mwaka 1843. Karne mbili karibu zinatimia na bado kuna viwanda vinapasha juisi kwa mvuke wa moja kwa moja.

---

KaboniHai

Nimesoma ya sukari, sawa. Sasa dhahabu, na nianze na tahadhari: Kanda ya Ziwa huingii peke yako. Nafasi hizi zinagombaniwa na waliosoma metalujia na uchenjuaji wa madini, na wao wamefundishwa kusaga na elimu ya madini ambayo wewe hukupata. Silaha yako ni matenki, kinetiki, mtiririko na kontroli. Usiende kwenye usaili ukajifanya mjuzi wa vinu.

Mchakato kwa kifupi: jiwe linasagwa hadi asilimia 80 ipite mikroni 75 hadi 106, linakuwa tope, linawekwa chokaa hadi pH 10 au 10.5, linawekwa sianidi, linapita kwenye matenki 6 hadi 8 huku kaboni (chembe za mkaa zinazonasa dhahabu) ikisafiri kinyume na tope. Kaboni changa inaingia tenki la mwisho na kutoka tenki la kwanza ikiwa imeshiba. Ni ile ile mitiririko inayopishana ya kozi ya uhamisho wa maada, basi tu badala ya gesi na kimiminika una chembe nyeusi na matope.

Hesabu ambayo wageni wanaikosea: muda wa tope kukaa. Una matenki 7 ya mita za ujazo 1,000. Unataka saa 24. Mtiririko unaoruhusiwa ni 7,000 kwa 24, karibu mita za ujazo 292 kwa saa. Hizo ni tani ngapi za mwamba? Tope la asilimia 45 yabisi, mwamba wenye uzito mahususi 2.7: kila tani ya mwamba inachukua 0.37 yake yenyewe na mita za ujazo 1.22 za maji, jumla 1.59. Kwa hiyo tani 183 kwa saa. Sasa mtu wa zamu anaongeza maji ili tope lipite vizuri, linashuka hadi asilimia 40. Kila tani sasa inachukua 1.87. Kwa tani zile zile 183 unapitisha mita za ujazo 342 na muda unakuwa saa 20 na nusu. Umetupa saa tatu na nusu za uyeyushaji bila kugusa sianidi, na ripoti ya zamu itaandika tani hazijabadilika.

Oksijeni ndiyo inayosahaulika. Dhahabu haiyeyuki kwa sianidi peke yake. Kila atomu 4 za dhahabu zinataka molekuli 8 za sianidi ya sodiamu na moja ya oksijeni. Maji ya nyuzi 25 kwenye mwinuko wa mita 1,200 yanashika kama miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Mwamba wenye salfaidi za chuma unaila yote kabla ya dhahabu kupata. Kipimo cha oksijeni kikisoma 2, kuongeza sianidi ni kuchoma pesa. Ongeza hewa au oksijeni kwanza. Shaba nayo inakula sianidi, na hiyo ni habari nyingine ndefu.

Usalama: pH ikiwa 10.5, sianidi iliyo katika hali ya gesi ya HCN ni kama asilimia 5. Ikishuka hadi 9.2 ni nusu kwa nusu. Ikifika 8 karibu yote ni gesi. Kwa hiyo chokaa kwanza, sianidi baadaye, kila siku, bila "leo tuna haraka". Kengele ya pH ikilia unasimamisha pampu ya sianidi kabla ya kuuliza kipimo kimeharibika au la. Na usisafishe kaboni kwa asidi kwenye mkondo ulio na mabaki ya sianidi. Kaboni inasuuzwa vizuri kabla ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 3.

Ubaya wa dhahabu kwa anayejifunza ni kwamba majibu yanachelewa. Sampuli inachukuliwa kwa zamu, inakaushwa, inasagwa, inakwenda tanuru la maabara. Unapopata namba, tope lile liko bwawani tayari. Unajifunza subira na takwimu, lakini huoni haraka kosa lako lilikuwa wapi.

---

Bagasi

Hapo kwenye kuchelewa ndipo hoja yangu ilipo, KaboniHai. Anayeanza ajiulize kiwanda kinamwambia "umekosea" baada ya muda gani. Sukari ni dakika kwa pani, saa kwa chokaa. Pani ukiiacha uzidifu wa ukolezi upite 1.2 unaziona chenga mpya kwenye kioo cha sampuli papo hapo, na zikiachwa zinakwenda kuziba neti ya sentrifuji. Huhitaji maabara kukuaibisha.

---

KaboniHai

Nakubali kwa miaka miwili ya mwanzo. Lakini nidhamu ya kemikali za sumu ya dhahabu huipati kwenye sukari. Mtu aliyesimamia uharibifu wa sianidi hadi chini ya miligramu 50 kwa lita, ile inayoachika kwa asidi dhaifu, kabla tope halijaenda bwawani, anapokelewa kirahisi kwenye klorini, mafuta na gesi.

---

Pasta60

Mmesahau bia, au mmeidharau kwa kuwa haina vumbi. Kimea kinapikwa nyuzi 62 hadi 65, kinapandishwa 72, kisha 78. Juisi yake inachemshwa saa moja hadi na nusu, inapozwa, inawekwa hamira chembe milioni 10 hadi 15 kwa mililita. Hayo mwanafunzi anayasoma kwa jioni moja. Sehemu inayomhitaji mhandisi ni usafi na ufungashaji.

CIP, yaani kusafisha mitambo bila kuifungua, kwa mfano. Kostiki ya asilimia 1.5 hadi 2 kwa nyuzi 75 hadi 80, suuza, asidi ya nitriki au fosforiki ya asilimia 0.5 hadi 1, suuza, dawa ya kuua vijidudu. Kila mtu anaikariri. Kinachosahaulika ni kasi ndani ya bomba: mita 1.5 kwa sekunde. Bomba la kipenyo cha ndani milimita 65 linataka karibu mita za ujazo 18 kwa saa. Mradi wa upanuzi ukiweka bomba la milimita 100 na kuacha pampu ile ile, kasi inashuka hadi 0.6. Kemikali ni sahihi, moto ni sahihi, muda ni sahihi, na bomba ni chafu. Kwa milimita 100 unahitaji mita za ujazo 42.

Kosa linalogharimu tenki zima: tenki la uchachushaji lina kaboni dioksaidi, mtu anapuliza kostiki juu. Kostiki inaila gesi na kuwa kaboneti, shinikizo linaanguka kuliko valvu ya vakyumu inavyoweza kuingiza hewa, na ukuta wa chuma cha pua unakunjamana kama kopo la soda. Vivyo hivyo tenki lililosafishwa kwa moto likapigwa maji baridi mlango ukiwa umefungwa. Ni mmenyuko wa kidato cha nne na sheria ya gesi ya kidato cha tatu, na bado matenki yanakunjwa duniani kila mara. Ama utoe gesi kwanza, ama usafishe kwa asidi.

Pasteraiza nayo ina hesabu tamu: dakika mara 1.393 ikipandishwa kwa kipeo cha nyuzi toa 60. Chupa ikikaa dakika 10 kwa nyuzi 62 imepata vizio 19 vya upasteraishaji. Mkanda ukikwama dakika 10 zaidi humo humo, imefika 39 na ladha ya mkate imeanza.

Bia inakufundisha usafi, ubora na kontroli za kisasa, na kutoka hapo maziwa, soda, juisi na dawa vyote viko wazi kwako. Kwa utenganishaji mzito, hapana, nenda sukari.

---

Klinka

Saruji nitakuwa mfupi maana ni mashine moja kubwa na mzozo mmoja: moto.

Unga ghafi unapoteza asilimia 35 ya uzito ukichomwa, nyingi ni kaboni dioksaidi ya chokaa. Kwa hiyo 1 gawa 0.65, tani 1.54 za unga kwa tani ya klinka (mawe yanayotoka tanuruni kabla ya kusagwa kuwa saruji), bila kuhesabu vumbi. Joto ni kama megajuli 3.3 kwa kilo ya klinka kwa tanuru lenye saiklonu (vyombo vya kupasha unga kwa gesi moto ya tanuru). Makaa ya megajuli 25 kwa kilo yanakupa kilo 132 kwa tani. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, walihamia gesi ya Songo Songo tangu 2004, wengine wanachoma makaa ya Ngaka, na hapo majivu yanaingia kwenye klinka, lazima uyahesabu kwenye mchanganyiko wa unga.

Kosa la wageni: hewa ya wizi. Oksijeni baada ya tanuru asilimia 3, baada ya saiklonu 6. Tofauti 3 gawa kwa 15 (yaani 21 toa 6), ni 0.2. Hewa iliyoingia kwenye matundu ni sawa na asilimia 20 ya gesi iliyotoka tanuruni, yaani karibu asilimia 17 ya gesi inayovutwa na feni yako. Kabla ya kuomba feni kubwa, ziba milango ya saiklonu.

Utajifunza moto, gesi na kemia ya yabisi vizuri sana. Utenganishaji wa vimiminika utausahau. Na utashindana na wahandisi mitambo, ambao viwanda vingi vya saruji vinawapenda kuliko sisi, na kusema ukweli wana sababu.

---

Magadi_Nyeupe

Salamu kutoka upande wa Kenya. Huku tuna miaka mitano na mafunzo ya viwandani ndani yake, kisha unajiandikisha EBK (bodi ya wahandisi ya Kenya) kama mhandisi mhitimu na kufanya kazi miaka isiyopungua 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Mpangilio haupishani sana na SEAP yenu.

Naongeza mlango wa tano, kemikali zenyewe. Kule Ziwa Magadi wanachimba trona na kuichoma kupata magadi soda ya viwandani, ile ya vioo na sabuni. Trona safi ikichomwa inabaki asilimia 70 ya uzito wake; nyingine ni maji na kaboni dioksaidi. Kwa hiyo tani ya bidhaa inataka tani 1.42 za trona safi na kavu. Ongeza unyevu, chumvi na mchanga, namba inapanda. Mkiwapa wanafunzi hesabu hiyo na kuwaambia trona ina unyevu wa asilimia 6, wengi wanatoa 6 kwenye jibu la mwisho badala ya kugawa kwa 0.94 mwanzoni. Tofauti ni ndogo kwenye tani moja. Kwenye meli si ndogo.

Pia kosa moja la chuo kwa chuo, Kenya na Tanzania sawa: wanafunzi wanachora mtambo wa kunereka mafuta kwa ajili ya mradi wa mwaka wa mwisho, nchi ambazo hazisafishi mafuta ghafi. Kiwanda cha Mombasa kilisimamisha usafishaji mwaka 2013, cha TIPER Dar es Salaam kiligeuka ghala la mafuta zamani. Chora mtambo wa uvukizaji wa juisi ya miwa, uende nao kwenye usaili.

---

Mizania

Ahsanteni sana wakuu, huu ndio uzi niliouomba. Maswali mawili. Asiyepata hata mlango mmoja kati ya hiyo mitano? Na yule aliyepata PT ya wiki 8 tu, wiki ya kwanza afanye nini asiishie kupiga fotokopi?

---

Jartesti

La kwanza: mamlaka za maji. Watu wanaziona ni za wahandisi wa maji tu, lakini kituo cha kutibu maji ya mto kama Ruvu ni kiwanda cha kemikali chenye kuganda, kutuama, kuchuja na klorini.

Jifunze kupima dozi ya alamu (shabu, dawa ya kugandisha uchafu) mapema. Yeyusha gramu 10 kwenye lita moja ya maji safi. Sasa kila mililita 1 kwenye bika la lita 1 ni miligramu 10 kwa lita. Bika 6, weka 10, 20, 30, 40, 50, 60. Koroga haraka mizunguko 100 hadi 120 kwa dakika kwa dakika 1, polepole mizunguko 30 kwa dakika 15 hadi 20, acha nusu saa. Pima uchafu wa maji ya juu na pH. Iliyo bora ikiwa 40, kituo cha mita za ujazo 1,000 kwa saa kinataka kilo 40 kwa saa.

Wanaokosea hutumia alamu iliyochanganywa wiki iliyopita, au maji ya asubuhi kwa dozi ya jioni baada ya mvua kunyesha juu mtoni. Na kumbuka alamu inakula alkali, kama nusu miligramu kwa kila miligramu. Maji laini yakiishiwa, pH inaanguka, mabonge hayashikani, na mtu anaongeza alamu tena. Hapo dawa ni chokaa.

---

Mvuke_Mkavu

La pili nalijibu. Wiki ya kwanza omba mchoro wa mabomba na vifaa vya kupimia wa eneo moja tu, dogo. Usiombe kiwanda kizima, watakupa faili la inchi nne na hutolifungua. Ukishaupata, tembea mstari mmoja kwa miguu kutoka tenki hadi pampu hadi chombo. Kila valvu uliyoiona weka alama ya kijani. Iliyoko kwenye mchoro na haipo kiwandani, nyekundu. Iliyoko kiwandani na haipo kwenye mchoro, ichore kwa bluu pamoja na ukubwa wa bomba. Usiguse valvu yoyote bila mtu wa zamu.

Siku ya tatu andika mizania ya eneo hilo kwa namba za chumba cha kontroli. Haitafunga. Kipimo kimoja kitakuwa kinasema uongo, na kumtafuta mwongo ndiyo PT yenyewe. Linganisha kipimo cha mtiririko na kushuka kwa kina cha tenki kwa saa moja: kipenyo cha tenki unakijua, kina unakisoma, hesabu ni yako.

---

Mizania

Mkuu, na mchoro ukiwa wa zamani sana, hata mstari haufanani?

---

Mvuke_Mkavu

Utakuwa wa zamani, hilo usiwe na shaka. Anza na mstari wa kondenseti, ndio unaobadilishwa mara nyingi bila mtu kuchora. Ukiwa pale angalia kimo kati ya chombo cha mwisho chenye vakyumu na pampu yake. Kama pampu inanguruma kana kwamba imemeza kokoto, pima hicho kimo kwa futikamba kabla ya kuambiwa ni beringi. Kondenseti iliyo karibu kuchemka inahitaji kimo cha kuisukuma iingie kwenye pampu. Kikikosekana inachemkia ndani ya pampu. Chora ulichokikuta, andika tarehe, acha nakala kwa msimamizi wako.

---

Bagasi

Na nakala nyingine ibaki kwako kwa ajili ya ripoti za SEAP. Vakyumu ya sentimita 64 za zebaki inataka bomba la kushukia lenye kimo cha maji karibu mita 8.7 kama kondenseti inamwagika yenyewe bila pampu. Ukikuta la mita 7, umeshapata mada ya ripoti.